Barua kwa mpwa wangu, wakili aliyeingia ofisi ya chama cha siasa

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Habari za kuteuliwa kwako kusimamia mambo ya sheria ya chama zimenifikia hapa Wete, na dua nimekuombea. Chama chenyewe sikitaji, kwa sababu ninayokwambia ningemwambia wakili yeyote wa Unguja au Pemba aliyevua joho la mahkamani akaenda kukaa katika ofisi ya chama chochote.

Huko ulikotoka, hata mtu aliyekamatwa na mali ya wizi mkononi ulimsimamia ili asomewe mashtaka, apewe muda wa kujitayarisha, asikilizwe, na hukumu itolewe pamoja na sababu zake. Katika vyama, vikao vya nidhamu mara nyengine huanza hali wajumbe wameshaamua. Na kwetu sisi kumvua mtu uanachama si jambo la ndani ya chama peke yake, kwa kuwa sheria hairuhusu mgombea binafsi, na Mbunge, au Mwakilishi wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, anayepoteza uanachama hupoteza na kiti. Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo la mgombea binafsi linakiuka Mkataba wa Afrika, lakini katazo lingalipo. Kwa hivyo wajumbe wachache wanaweza, kwa kikao kimoja, kuzifuta kura za jimbo zima.

Tumeyaona haya. Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki, alifukuzwa CCM mwaka 2013, na watu wa jimbo lake wakarudishwa kwenye uchaguzi mdogo mwaka uliofuata. Hamad Rashid Mohamed, Mbunge wa Wawi, alifukuzwa CUF Januari 2012, akakimbilia Mahkama Kuu na akabaki na ubunge wake. Sikuandikii ili kusema nani kati yao alikuwa na haki. Wapiga kura ndio wanaoniuma, maana hakuna aliyewaita kikaoni.

Namkumbuka pia Othman Masoud Othman, ambaye mwaka 2014, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya kuzikataa baadhi ya ibara za katiba iliyopendekezwa katika Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma, na haukupita muda akaondolewa katika wadhifa wake. Baadaye aliingia uongozi wa chama, lakini mimi namheshimu zaidi kwa kura ile, kwa sababu aliipiga akijua itamgharimu.

Basi ninakuomba hivi: mwanachama yeyote atakayeshtakiwa, hata yule aliyekutukana hadharani, apewe tuhuma zake kwa maandishi na siku za kutosha kuzijibu, aliyemshtaki asikae tena kumhukumu, na uamuzi uandikwe kwa namna ambayo jaji akiusoma ataelewa umefikiwaje. Wakubwa wako watakwambia unawachelewesha. Wacha wakwambie, kwani hukuchukuliwa kwa ajili ya kupiga mhuri.

La mwisho ni wateja wako, hasa wale wa kesi za mashamba huku Pemba, ambao wengine ni wazee wasiojua kusoma. Usiwaache wasikie redioni kwamba umeshahama. Waandikie, warejeshee hati zao, uwatafutie wakili mwengine kabla ya tarehe zao za mahkamani, na aliyekwisha kukulipa kwa kazi usiyoimaliza mrejeshee kilicho chake.

Wasalaam,
Mjomba wako, Wete