Hamilton hakuwahi kuwa Rais

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimesoma gazeti lenu nikanyamaza, hata pale makosa yalipoonekana bila miwani. Ila makala ya Jumapili iliyopita kuhusu ugomvi wa waasisi wa Marekani imenishinda. Kijana mmoja aliniletea kipande alichokikata, amepigia mstari maneno "Rais Alexander Hamilton", anauliza alitawala mwaka gani. Hakutawala mwaka wowote. Alikuwa Waziri wa Fedha wa kwanza, kuanzia Septemba 1789 hadi Januari 1795, basi. Kuwekwa kwenye noti ya dola 10 si ushahidi wa urais. Benjamin Franklin yuko kwenye noti ya 100 na hakuwa rais pia.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mmejaza ukurasa mzima kwa nani alimchukia nani, kama ugomvi wa bombani, bila kugusa kanuni ya kura iliyowafikisha hapo.

Katiba ya 1787 ilimpa kila mjumbe wa kumchagua rais kura mbili, azipeleke kwa watu wawili, na mmoja wao asiwe mtu wa jimbo lake. Karatasi haikusema yupi anapigiwa urais na yupi umakamu. Anayeongoza, akipata zaidi ya nusu ya wajumbe, ni rais. Anayefuata ni makamu. Kanuni hiyo iliandikwa vyama vikiwa bado havijazaliwa. Vilipozaliwa ikaanza kuvunjika, na ufa ulionekana mapema: mwaka 1796 John Adams alipata kura 71, Thomas Jefferson 68, na Thomas Pinckney, mwenza wa Adams, akaambulia 59. Rais akatoka chama kimoja, makamu akatoka kwa mahasimu wake, na wakakaa hivyo miaka minne.

Mwaka 1800 pande zote mbili zikawabana wajumbe wao wawapigie wagombea wote wawili wa chama. Sasa hapo pana mtego: kila mtu akitii, wagombea wako wanalingana. Dawa yake ni mjumbe mmoja kuitupa kura yake ya pili kwa mtu mwingine. Wafederali, chama cha Adams, walikumbuka. Mjumbe wao mmoja wa Rhode Island akampa John Jay, ndiyo maana Adams alipata 65 na mwenza wake, Charles Cotesworth Pinckney (si yule Thomas wa 1796), 64. Upande wa Jefferson hakuna aliyeitupa hata moja. Jefferson 73, mwenza wake Aaron Burr 73. Nyinyi mmeandika kwamba Jefferson "alimpita Burr kwa kura chache". Alimpita kwa kura sifuri, Ndugu Mhariri.

Kura zikilingana, uamuzi unakwenda Baraza la Wawakilishi (la Washington, si la Zanzibar, nasema mapema kwa sababu nawajua). Humo kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lina kura moja. Majimbo yalikuwa 16, kwa hiyo ushindi ni 9. Na waliokaa vitini walikuwa bado wabunge wa Bunge lililokuwa linamaliza muda wake, Wafederali wengi miongoni mwao, ambao wangempa hata Burr ili mradi Jefferson asipite. Tarehe 11 Februari 1801 duru ya kwanza ikatoa Jefferson 8, Burr 6. Maryland na Vermont wabunge wao waligawanyika nusu kwa nusu, kura zao zikawa hazina mwenyewe. Wakarudia. Matokeo yakawa yale yale, mara 35. Joseph Nicholson wa Maryland alikuwa mgonjwa wa homa. Alibebwa kwenye theluji hadi jengo la Bunge, akalazwa chumba cha pembeni, akawa anaandika kura yake kitandani, kwa sababu angekosekana yeye tu, Maryland ingekuwa ya Burr. Hayo ndiyo mambo ya kuandika! Nyinyi mkaona afadhali mtueleze kwamba Burr alikuwa mtanashati.

Duru ya 36, tarehe 17 Februari, fundo likafunguka. James Bayard, mbunge pekee wa Delaware, akaacha kumpigia Burr, akatia karatasi tupu. South Carolina nayo tupu. Wafederali wa Maryland nao tupu, jimbo likaangukia kwa Jefferson. Lewis Morris wa Vermont hakuingia ukumbini, akabaki Matthew Lyon peke yake kulisemea jimbo. Jefferson 10, Burr 4. Na Lyon huyo ndiye aliyefungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kumsema Adams, chini ya Sheria ya Uchochezi ya 1798, akachaguliwa tena akiwa ndani. Sheria yenyewe ilimlinda rais na Bunge dhidi ya kashfa; makamu wa rais, yaani Jefferson, haikumtaja. Muda wa sheria hiyo ukawekwa uishe tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya Adams ofisini. Chuki ikipigiwa mahesabu huwa hivyo.

Kuhusu bastola, yaani pambano ambalo Burr alimpiga Hamilton risasi, mmekosea tena. Hamilton hakuuawa kwa sababu ya uchaguzi wa 1800, ingawa kweli wakati ule aliandika barua kwa Wafederali wenzake kwamba Jefferson ni nafuu kuliko Burr. Chanzo ni barua ya Charles Cooper iliyochapishwa gazetini Albany mwaka 1804, Burr akigombea ugavana wa New York, ikidai Hamilton alimsema vibaya mezani kwenye chakula. Burr alishindwa ugavana, akaiona barua, akataka maelezo. Hamilton akamjibu kwa somo refu la maana ya neno moja. Wakakutana Weehawken, New Jersey, tarehe 11 Julai 1804, hatua kumi kati yao, na Hamilton akafa kesho yake. Tena Burr hakuwa "makamu wa zamani" siku ile. Alikuwa bado ofisini, na Februari 1805, huku ana mashtaka ya mauaji New Jersey, alikuwa kitini akiongoza Seneti kusikiliza kesi ya Jaji Samuel Chase. Marekebisho ya 12 ya Katiba, yaliyotenganisha kura ya rais na ya makamu, yalikamilika Juni 1804, wiki chache kabla ya risasi hiyo. Hamkuyataja hata kwa nusu mstari.

Halafu lugha. "Chuo cha Uchaguzi" kiko mtaa gani, na ada yake kiasi gani? Hao ni wajumbe wa kumchagua rais, hawajawahi kuketi pamoja darasani. Kila kundi hupigia kura jimboni kwake. Jefferson mmemwita "Katibu wa Jimbo", wakati alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Chama chake mmekifanya ndicho cha Republican cha leo, kilichoanza 1854, Jefferson akiwa kaburini miaka 28. Mwaka 1791 Jefferson alimwajiri mshairi Philip Freneau kuwa mfasiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, ili apate riziki huku akihariri gazeti la kumshambulia Hamilton. Yule alikuwa mfasiri aliyefanywa mhariri. Kwenu naona kompyuta ndiyo inafasiri, na mhariri yuko likizo.

Siombi mtu afukuzwe. Naomba tu makala ya uchaguzi wa Marekani ikifika mezani, mtu achukue karatasi, hata ile ya kufungia maandazi, ajumlishe: 73, 73, 65, 64 na 1. Akipata 276, agawe kwa mbili, zitoke kura za wajumbe 138. Zisipotoka, ukurasa huo wekeni tangazo la mabati.

Msomaji wa siku nyingi,
Tanga