Barua kutoka Santa Fe, Mji wa Udongo

Santa Fe, New Mexico

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote hapo Lamu. Sisi tu wazima. Tumefika Santa Fe, makao makuu ya jimbo la New Mexico huku Marekani, na tangu nilipoanza kuizunguka mitaa yake nimekuwa nikikuwaza wewe fundi, kwa kuwa huu ni mji ambao ungeusoma kwa mikono.

Gari letu, lile lenye vitanda na jiko ndani, tumeliacha kambini nje ya mji, ambako linapata umeme na maji, kwani barabara za katikati ni nyembamba na gari refu namna hiyo halina pa kugeukia. Tunaingia mjini kwa basi, kisha tunatembea polepole, maana tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na sisi watu wa pwani pumzi hutukatika upesi.

Wahispania waliuanzisha mji huu mwaka 1610, katika nchi ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huku, ambao walikuwa wakijenga kwa udongo karne nyingi kabla yao. Mwaka 1680 Wapueblo waliungana chini ya kiongozi wao Po'pay, wakawafukuza wageni hao, na miaka 12 ikapita kabla Wahispania hawajarudi. Jumba la Magavana, lililoyaona hayo yote, lingali limesimama upande wa kaskazini wa uwanja mkuu. Mbele yake kuna baraza ndefu yenye nguzo za miti, na hapo mafundi Wapueblo na wenyeji wa makabila mengine hutandika vitambaa na kuuza vito vya fedha na feruzi walivyovitengeneza wenyewe. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini.

Sasa nikueleze ujenzi wenyewe. Ni matofali mabichi ya udongo, mchanga na majani makavu, yaliyokaushwa juani, na kuta zake ni nene hata mchana wa joto ndani kunabaki baridi. Dari hubebwa na magogo ya msonobari ambayo ncha zake hutokeza nje ya ukuta, na urefu wa gogo ndio huamua upana wa chumba, kama boriti za mikoko zinavyoamua kwenu. Katika kanisa la San Miguel, lililochomwa katika vita vya 1680 na kujengwa upya mwaka 1710, nilisimama chini ya magogo hayo nikatamani uwe kando yangu.

Tangu mwaka 1957 sheria ya mji inadai majengo ya eneo la kale yafuate sura hii, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, majengo mengi mapya ni fremu za mbao zilizopigwa lipu ya saruji yenye rangi ya udongo, na jambo hilo linanihuzunisha, kwa sababu sura imehifadhiwa lakini kazi ya fundi imeachwa.

Kuhusu saruji, utayatambua malalamiko yako mwenyewe. Katika kijiji cha Ranchos de Taos, kaskazini mwa hapa, kanisa la San Francisco de Asís lilipigwa lipu ngumu mwaka 1967. Unyevu ukanaswa ndani na matofali yakaanza kuoza, mpaka lipu hiyo ikabanduliwa mwaka 1979. Tangu hapo waumini hukusanyika kila mwaka kulikandika upya kwa udongo na majani. Si ndiyo hoja unayowaeleza wenye nyumba wanaotaka saruji juu ya matumbawe badala ya chokaa?

Kesho tunaelekea huko. Nitazipiga picha kuta zile kwa karibu, hasa pembeni na chini karibu na ardhi, nikutumie, nawe uniambie unaonaje kazi yao.

Akupendaye daima,
Rafiki yako