Kabla ya kulaumu mtandao, tuulize nani amefungwa na nani

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika kwa uchungu jinsi alivyokaa kwenye benchi la chama chake cha akiba na mikopo tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, akiambiwa tu kwamba mtandao unasumbua. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi ni mmoja wa watu wanaotengeneza hicho kinachoitwa mtandao. Nina miaka 14 katika kazi hii huku Tanga, mingi nikiandika mifumo ya vyama vya akiba na mikopo kwa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mara nyingi nilipoitwa kwa sababu mtandao unasumbua, nilikuta umeme upo, intaneti ipo, na seva, kompyuta kuu inayohudumia mfumo, haina tatizo. Kibovu kilikuwa uhusiano: ndani ya mfumo nani amefungwa na nani, na fundo lenyewe limepigwa vipi.

Nianze na alichokumbana nacho yeye. Ndani ya kanzidata, ghala la taarifa za mfumo, taarifa hukaa kwenye majedwali, utaratibu ambao Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliupendekeza mwaka 1970. Wanachama wana jedwali lao, mikopo ina lake, akiba lake. Mkopo haumjui mwenyewe kwa sura, una safu yenye namba yake tu, kama stakabadhi inavyobeba namba ya uanachama. Java, iliyotoka mwaka 1995, haifikiri hivyo. Ndani ya Java mwanachama ni kitu kamili kinachoshika akiba yake na mikopo yake. Kati ya namna hizo mbili tunahitaji daraja, na wengi wetu tunatumia programu iitwayo Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Daraja hilo halijui lolote kuhusu Lushoto wala Korogwe. Linachofanya ni kumwuliza anayeandika programu: mwanachama mmoja ana mikopo mingapi? Mkopo mmoja una wenyewe wangapi? Huyu akiitwa, aje na wenziwe au aje peke yake? Huu ukifutwa, na ule ufutwe? Majibu ni maneno machache juu ya mstari wa programu. Unayaandika kwa sekunde tano, kisha watu wanaishi nayo miaka kumi.

Kwa kawaida Hibernate ikimleta mwanachama haimletei orodha yake ya akiba mpaka mtu aiguse. Ni busara, ukurasa hauzidiwi na mzigo usiohitajika. Lakini karani akifungua orodha ya wanachama 640, na kila mstari unaonyesha jumla ya akiba, basi kila mstari unaigusa orodha hiyo. Swali la kwanza linaenda kwenye kanzidata kuleta wanachama, kisha maswali mengine 640, moja kwa kila mtu. Chama kikiwa na watu 30 hakuna anayeona tofauti. Kikikua, karani anabonyeza, skrini inabaki nyeupe, anabonyeza tena, na kule nyuma maswali yanakuwa mara mbili. Anageuka kwenye benchi na kusema mtandao unasumbua. Dawa yake kwa kawaida ni kuandika swali moja linaloleta wanachama pamoja na akiba zao. Kazi ya mchana mmoja.

Hilo la ucheleweshaji ni dogo. Linaloniuma ni namba ya simu.

Mfumo wangu wa kwanza ulikuwa wa chama cha wakulima milimani. Nikiwa mezani kwangu mjini niliamua kwamba mwanachama mmoja ana namba moja ya simu, na namba moja ni ya mwanachama mmoja. Nikaiwekea kanzidata sharti kwamba namba isijirudie kamwe. Niliona nimefanya kazi safi. Mkobani mwangu siku hiyo nilikuwa na laini mbili, ya Vodacom na ya Airtel, na bado halikunijia.

Miezi minne baadaye nilipanda kwenda kukagua. Kwenye orodha nikakuta namba za ajabu: 0700000001, 0700000002, zinafuatana hadi kufika 63. Nikamwuliza karani, mama wa makamo aliyekaa dirisha lile tangu enzi za daftari.

"Dada, hawa mabibi hawana simu," alisema. "Wanatumia ya mjukuu, au ya jirani. Yupo kijana mmoja hapa ana bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, wote wanachama wetu. Nikiandika namba yake kwa bibi wa pili, mfumo wako unakataa. Nikiacha wazi, hauniruhusu kwenda mbele. Nikasema sasa niwarudishe na fedha zao mkononi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mama yule alikuwa ameandika kwa mkono uanachama wa mamia ya watu bila kukosea jina, na mimi nilimfikisha mahali pa kubuni namba 63. Ujumbe wa kukumbusha marejesho ulikuwa unatumwa kila mwezi kwenye namba zisizo na mtu. Bibi mmoja alikuwa ametozwa faini ya kuchelewa mara mbili, kwa tarehe iliyosogezwa na ambayo hakuna aliyemwambia.

Nilikaa pale siku tatu nikawasikiliza. Namba ya simu ikawa kitu kinachojitegemea, chenye jedwali lake, na kati yake na mwanachama nikaweka kitu cha tatu kinachosema simu hii ni ya nani kwake, na inaruhusiwa kupokea nini. Hilo la mwisho nisingelibuni mwenyewe. Alinipa bibi mmoja aliyeshika mkongojo, aliposikia tunazungumzia simu ya mjukuu wake: "Tangazo la mkutano aniletee. Salio langu asilione." Sasa mfumo unajua tofauti hiyo.

Jambo la pili limenikosesha usingizi zaidi, na nalisimulia kwa sababu najua vijana wengi wanaoandika Java wanalirudia sasa hivi. Mkopo na wadhamini wake niliwafunga kwa uhusiano wa wengi kwa wengi: mkopo una wadhamini kadhaa, na mwanachama aweza kudhamini mikopo kadhaa. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa neno nililoliongeza pembeni, CascadeType.ALL. Maana yake ni kwamba lolote utakaloufanyia mkopo, uwafanyie na wote waliofungwa nao. Nililiweka kwa kuwa lilinirahisishia kuhifadhi. Neno hilohilo nililiweka kati ya mwanachama na akiba zake, na kati ya mwanachama na hisa zake.

Jumamosi moja karani aliingiza mkopo kwa mtu asiye wake, majina yalifanana. Meneja akaufuta ili uingizwe upya. Mkopo ulipofutwa uliondoka na wadhamini wake watatu, na wadhamini wakaondoka na akiba zao na hisa zao zote. Mfumo haukuonyesha onyo lolote. Laiti mmojawapo angekuwa amedhamini na mkopo mwingine, kanzidata ingegoma kumfuta na kusimamisha kila kitu, lakini wote watatu walikuwa wamedhamini mara hiyo moja tu.

Jumatatu mmoja wao alikuja kutoa ada ya shule ya mwanawe. Akaambiwa hayupo. Mama huyu alikuwemo tangu chama kinaanzishwa. Aliniuliza, nilipofika mbio kutoka mjini, "Mwanangu, nimekosea nini?" Tuliirudisha bakapu, yaani nakala ya taarifa iliyotunzwa, ya Ijumaa usiku, kisha michango yote ya Jumamosi tukaiingiza upya kutoka kwenye kitabu cha stakabadhi, karatasi moja baada ya nyingine, hadi saa mbili usiku. Kama karani asingekuwa na tabia ya kuandika stakabadhi kwa mkono pia, sijui ningewaambia nini waliochangia siku ile.

Tangu hapo udhamini kwangu ni kitu chenye maisha yake. Una kiasi, una tarehe ya kusainiwa, una tarehe ya kuachiliwa mkopo unapokwisha. Uhusiano wenye mambo yake mwenyewe hauwezi kuwa uzi mtupu kati ya majedwali mawili. Na hakuna kinachofutwa. Kinabatilishwa, na mfumo unaandika nani amebatilisha, lini, na kwa sababu gani.

Wazo hilo la kutofuta nililiona likifanya kazi katika OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java na kujengwa juu ya Hibernate hiyohiyo. Ulianza mwaka 2004, na mizizi yake iko karibu nasi: Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, ilikuwa ikishirikiana na wenzetu wa Eldoret, Kenya. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na nawasihi vijana wausome. Humo mtu mmoja anaruhusiwa kuwa na majina mengi, kwa sababu mwanamke huandikishwa zahanati kwa jina la baba na hospitali kwa jina la mume. Mgonjwa ana namba nyingi za utambulisho, kwa sababu kila kituo kilimpa yake. Na undugu haukuandikwa ndani ya programu. Upo kwenye jedwali, kila aina ya undugu ikiwa na safu mbili, huyu ni nani kwa yule, na yule ni nani kwa huyu. Wameweka mzazi na mtoto, wameweka ndugu na ndugu, na wamejumlisha shangazi na mjomba mahali pamoja kama Kiingereza kinavyowaona. Sisi hatuwezi kumchanganya shangazi na mama mdogo, wala mjomba na baba mdogo. Lakini kwa kuwa ni mistari ya jedwali, zahanati inaongeza mjomba upande huu na mpwa upande ule bila kugusa hata herufi moja ya Java. Nililelewa na mama yangu mdogo. Kwenye fomu nyingi za utotoni mwangu aliandikwa "mlezi" au akaandikwa mama, na siku ya kuthibitisha pakawa na maswali. Ndiyo maana jedwali lile dogo lilinigusa.

Sasa ombi langu, Mhariri, kwa viongozi wa vyama, wakuu wa shule na waganga wafawidhi wanaoagiza mifumo. Kabla hamjalipa awamu ya kwanza, mdaini mtengenezaji awape kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza kila uhusiano kwa sentensi, pande zote mbili. Msikubali mchoro wa visanduku na mishale. Mwanachama mmoja aweza kutumia namba nyingi za simu. Namba moja yaweza kutumiwa na wanachama wengi. Mwanachama aweza kuteua warithi kadhaa, kila mmoja na fungu lake; mrithi mmoja aweza kuteuliwa na wanachama zaidi ya mmoja. Mkopo ukibatilishwa, mdhamini anabaki na akiba yake yote. Kisha zisomeni kwa sauti mkutanoni, karani wa dirishani akiwepo na akiwa na ruhusa ya kusema hapana.

Mwaka jana nilifanya hivyo na chama kimoja. Nilikwenda na sentensi 41, wanachama wakazibadilisha 9. Mojawapo ilisema mwanachama ana mwenza mmoja. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa utulivu kwamba yeye ana wake wawili, amewaoa wote kwa ndoa halali, na akifa leo mfumo utamtambua yupi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa yake. Mimi ndiye niliyeinyima nafasi, kwa kuandika mmoja mahali palipotakiwa wengi. Kuirekebisha siku ile ilikuwa kufuta neno kwenye karatasi. Mfumo ungekuwa umeshaanza kazi, ningehamisha taarifa za watu mia kadhaa kutoka jedwali moja kwenda jingine, na kati yao wangekuwepo wajane ambao, kwa kuwa ni wake wa pili, hawakuandikwa popote.

Na walimu wa vyuo vyetu, tafadhali. Mfano wa mwanafunzi na masomo yake mmeufundisha vya kutosha. Wapelekeni vijana wakae na karani wa chama siku nzima kabla hawajaandika uhusiano hata mmoja.

Kwa ndugu yangu wa benchini: mwambie meneja wenu amwulize mtengenezaji, ukurasa wa wanachama unapofunguka unapeleka maswali mangapi kwenye kanzidata? Hibernate huyaonyesha yote ukiiwashia mpangilio mmoja tu, kwa hiyo asiwaambie hawezi kujua. Akisema mawili au matatu, na mkayaona kwa macho yenu kuwa ni mawili au matatu, hapo ndipo aitwe fundi wa intaneti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengeneza mifumo, Tanga