Wasifu wa babu, na lile gari lake

Rafiki yangu,

Pole tena. Mpe pole bibi pia, nitamwandikia peke yake. Rasimu ya wasifu wa marehemu babu yako, fundi wa magari, nimeisoma, na kwa kuwa umeniomba nisikufiche, nakwambia wazi: tarehe zimepangwa vizuri, ila babu mwenyewe hayumo. "Mchapakazi, mcheshi, fundi hodari" husomwa kwa kila marehemu. Mweke babu kwenye karatasi pamoja na mikono yake.

Anza na tapeti, yaani alivyopima ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Ile hesabu ya tisa kila mwanafunzi wake anaijua: injini ya silinda nne yenye valvu nane (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi), ya 8 ikifunguka kabisa unapima ya 1, ya 6 ikifunguka unapima ya 3, na jumla iwe 9 mpaka zote ziishe. Eleza na kwa nini alipima mara ya pili kabla ya kufunga kifuniko. Nafasi ikibana mno, injini ikipata moto valvu haikai kitini sawasawa, gesi ya moto inapenya na kuunguza ukingo wake. Ikilegea mno, inagonga na nguvu inapungua. Wasiojua ufundi wataelewa tu, usiogope, maana watakachosikia ni uangalifu wake.

Halafu ile katoni! Nimeshangaa hukuiandika. Akifungua silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, boliti alizichomeka kwenye katoni kwa mpangilio ule ule zilivyokaa, na mjukuu aliyekuwa karibu ndiye alikabidhiwa ulinzi. Wakati wa kurudisha alikaza za katikati kwanza, akielekea pembeni, kidogo kidogo kwa awamu, kwa sababu hedi ikipinda gasketi, kile kizibo bapa kilicho chini yake, haizibi, na maji yanaweza kuingia kwenye oili. Mjukuu alisoma namba, babu akakaza. Ukitaka kusema aliwapenda wajukuu, sema hilo, inatosha.

Upande wa jeshi usikisie hata neno moja. Cheo, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, vinakili kutoka kwenye hati yake ya kumaliza utumishi. Hadithi za nyumbani zikipishana na hati, fuata hati. Na tafadhali, mama mdogo asiipeleke hiyo hati kupigwa plastiki. Joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi haviondoki. Ipigwe picha iliyo wazi, ya asili ikae bapa mahali pakavu. Medali zisisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, inakula tabaka la juu, na utepe ukae mbali na jua. Picha za kikosi andika majina nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya.

Kuhusu mjomba kutaka kuliwasha gari siku ya kumbukumbu, mzuie kwanza. Petroli iliyokaa muda mrefu huwa na utando mzito unaoziba jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta, kwa hiyo tangi na bakuli la kabureta vimwagwe. Oili ibadilishwe. Plagi zitolewe, kila silinda ipate kijiko kimoja cha oili, ilale usiku mzima, kisha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, izungushwe kwa spana ya mkono, upande inaozungukia injini. Ikigoma asiilazimishe, na asithubutu kulisukuma likiwa kwenye gia. Ringi za pistoni zilizoshika kutu zinaweza kuvunjika. Hata likiwaka lisitembee. Maji ya breki huvuta unyevu, na silinda za breki kwenye magurudumu huenda zimeganda.

Vifaa navyo visigawanywe kwa haraka. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, si ya kufungulia nati, kaka yako aambiwe hivyo, na irudishwe kwenye alama ya chini kabisa kabla ya kuwekwa, la sivyo springi inachoka na vipimo vinadanganya. Fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, zifutwe, zipakwe oili nyepesi, zisichanganywe na spana.

Narudi kwenye wasifu. Usizidi ukurasa mmoja na nusu, usome kwa sauti ukiwa umesimama, na sentensi inayokukata pumzi uivunje mara mbili. Masomo na safari, mistari miwili tu. Katoni ipewe nafasi.

Sasa nijibu. Nani atasoma, wewe au kaka? Hati ya jeshi imeonekana? Yule mwanafunzi wake wa mwisho amepewa taarifa, na je, mngekubali awe yeye wa kuzungusha hiyo kranki? Vile vipimo alivyoandika kwa chaki ukutani bado vinasomeka? Kama vinasomeka, vipigeni picha leo, kabla mtu hajapaka rangi. Na bibi anakula vizuri?

Nasubiri rasimu ya pili.

Wako daima