Sinema za Waingereza si za malkia na farasi tu

Ndugu Mhariri,

Majuzi mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani alituambia kwamba sinema za kale za Uingereza, zile zisizo na rangi, ni habari za malkia, farasi na watu wanaokunywa chai kwa mapozi, na kwamba Mtanzania hana lake humo. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, nimezeeka na spana mkononi, na hizo sinema anazozibeza ndizo ninazozitazama jioni nikishafunga kazi. Malkia bado sijamwona. Nimeona watu wanaodaiwa kodi ya nyumba.

Iliyonikamata kwanza ni Saturday Night and Sunday Morning, ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Karel Reisz. Mjukuu wangu aliniletea kwenye flashi akasema, "Babu, hii ina kiwanda cha baiskeli." Nikajua ananitania. Kumbe kweli. Kijana anayeitwa Arthur Seaton, na aliyemwigiza ni Albert Finney, yuko kwenye mashine ya kukereza vyuma katika kiwanda cha Raleigh, mjini Nottingham, na picha zilipigwa mulemule kiwandani. Alan Sillitoe, aliyetunga kitabu na kisha akaandika sinema yenyewe, aliwahi kufanya kazi humo alipokuwa kijana mdogo.

Bwana Mhariri, Raleigh mimi nimeifungua na kuifunga maisha yangu yote. Naijua breki yake ya fimbo, naijua kotapini yake inavyogoma kutoka ikishaliwa na chumvi ya bahari, naijua ile nembo ya kichwa cha korongo pale mbele. Tanga hii ziko ambazo baba kamwachia mwana na mwana kamwachia mjukuu. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kumfikiria mtu aliyekereza vile vyuma. Sasa nimemwona: kijana mwenye hasira, anahesabu vipande kwa sababu analipwa kwa kipande, msimamizi akipita anamkata jicho, na akilini mwake mna suti na pombe za Jumamosi. Mzee yeyote wa hapa aliyewahi kukata mkonge kwa mafungu anaijua hesabu ile. Kazi ikiisha wanamiminika getini, wengine kwa miguu, wengine juu ya baiskeli. Tulisimamisha picha mara nyingi hapo, mimi nikitafuta ni modeli gani.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya Finney. Finney ni steringi, na steringi hana shida ya kuandikiwa. Nataka kusema habari za wale wa safu ya pili.

Katika sinema hiyohiyo yuko jirani, Mrs Bull, mwanamke mnene asimamaye kwenye kona ya mtaa, mikono kaikunja kifuani, hakuna kinachompita. Aliyemwigiza ni Edna Morris. Arthur anampiga matakoni kwa bunduki ya upepo, na barazani kwangu watu walishangilia kana kwamba Coastal Union wamefunga bao, kwa sababu kila mmoja alikuwa na Mrs Bull wake kichwani na mtaa wake akautaja. Yuko Bryan Pringle, mume anayefanya kazi zamu ya usiku huku Arthur akimwibia mke. Mpole, hana makuu, anaongea kidogo. Wanaokuja kumkung'uta Arthur ni wanajeshi wawili, si yeye. Mimi yule mume nilimwonea huruma kuliko watu wote wa sinema ile, na sidhani ana maneno yanayojaza ukurasa mmoja.

Halafu yuko Hylda Baker. Huyu mama alikuwa mchekeshaji wa majukwaani, mfupi mno, mtu wa Lancashire, na Waingereza walikuwa wakimwona tu wanaanza kucheka. Hapa kapewa nafasi ya shangazi Ada, ambaye mpwa wake, Arthur, anamletea yule mke wa mtu, ana mimba isiyotakiwa. Hachekeshi hata kidogo. Anawapokea kwa uso wa mwanamke ambaye balaa limeshapiga hodi kwake siku nyingi. Ukimjua kama mchekeshaji, uso ule unakuumiza zaidi. Ndiyo maana nasema mwigizaji wa namna hii lazima umfahamu kutoka sinema hadi sinema. Ukimwona mara moja hujamfaidi.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza tunayekaa naye barazani (bila yeye nisingeelewa nusu, maana Kiingereza cha watu wa kaskazini ya Uingereza hata mjukuu wangu aliyesoma kinamshinda) ametueleza walikotoka watu hawa. Wengi walilelewa kwenye kumbi za vichekesho na kwenye vikundi vya maigizo vya miji midogo, ambako mchezo ulikuwa unabadilishwa karibu kila wiki. Leo wewe ni polisi, wiki ijayo ni padri, wiki ya tatu ni marehemu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakatokea watunzi waliotoka kwenye familia za wafanyakazi, waongozaji wakaanza kupiga picha kwenye mitaa halisi badala ya studio, na ghafla nyuso hizo na lafudhi hizo zikawa ndizo zinazotakiwa.

Mke wangu hapendi sinema za viwanda, kelele tupu, lakini A Kind of Loving ya mwaka 1962 aliikalia hadi mwisho. Ni habari ya kijana, Alan Bates, aliyempa mimba msichana wa ofisini, wakaozeshwa, na kwa kuwa hawana nyumba wanaishi kwa mama mkwe. Mama mkwe ni Thora Hird. Sijui nimweleze vipi. Hapigi kelele. Anatazama zulia lake, anamtazama mkwewe, anatazama tena zulia. Siku kijana anarudi amelewa na kutapika pale sebuleni, mke wangu alisimama kabisa, akasema, "Huyo mama namfahamu, yuko Chumbageni." Thora Hird alianza jukwaani akiwa mtoto mchanga, akaigiza hadi uzeeni, akapewa cheo cha heshima na malkia mwaka 1993. Haya, malkia ndiyo huyo, mwandishi wenu amepata alichokitaka.

I'm All Right Jack ya mwaka 1959 nitaipita haraka, ingawa wazee waliokuwa kwenye matawi ya JUWATA, kile chama cha wafanyakazi cha zamani, wangeipenda. Peter Sellers ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayegomesha kiwanda kizima, na mkewe, Irene Handl, naye anagoma: hapiki, hafui. Sellers ndiye aliyesifiwa na kupewa tuzo. Mimi nilikuwa namngoja Irene Handl.

Ya kuchekesha kuliko zote, na ya kuchoma kuliko zote, ni Kes ya mwaka 1969, ya Ken Loach. Mtoto maskini wa Barnsley, mji wa wachimba makaa, anafuga kozi, yule ndege mwindaji. Humo mna kipindi cha mpira shuleni. Mwalimu wa michezo kavaa jezi nyekundu, eti yeye ni Bobby Charlton wa Manchester United. Yeye ni mshambuliaji, yeye ni nahodha, yeye ni refa. Anajipa penalti, golikipa, mtoto wa watu, anaidaka, naye anaamuru irudiwe. Sisi watu wa Tanga tumeshatazama marefa wengi, lakini huyo aliwatia watu machozi ya kicheko, hadi muuza kahawa akaliweka dele chini. Kisha mechi inaisha, mwalimu yuleyule anamfungia mtoto kwenye bafu na kumwagia maji ya baridi, na kibanda kizima kikanyamaza. Uso ni uleule! Hakubadilisha chochote ila tulichokuwa tukikicheka sasa tunakichukia.

Jina lake ni Brian Glover. Alikuwa mwalimu kwelikweli, tena huko huko Barnsley, alifundisha pamoja na Barry Hines aliyetunga kitabu chenyewe, na wakati huohuo alikuwa anapigana mieleka ya kulipwa kwa jina la Leon Arras. Kes ndiyo iliyomwingiza kwenye sinema. Mjukuu wangu, asiyetaka kusikia habari za picha zisizo na rangi, alimtambua kwa kile kipara: alikuwa mkuu wa gereza kwenye Alien 3 ya mwaka 1992. Tangu hapo ndiye anayenitafutia nyingine bila kuombwa. Na yule mwalimu mwema wa darasani, Colin Welland, anayemwachia mtoto asimame aeleze jinsi anavyomfunza ndege wake, baadaye aligeuka mwandishi na akapata Oscar kwa Chariots of Fire.

Tanga ni mji wa bandari, kwa hiyo A Taste of Honey ya mwaka 1961 haihitaji mtu wa kutufafanulia: msichana, baharia, meli inaondoka, tumbo linabaki. Mchezo huo uliandikwa na Shelagh Delaney, msichana wa Salford, akiwa hajatimiza miaka 20. Mama wa msichana ni Dora Bryan, mchekeshaji mwingine aliyepewa kazi ya kutochekesha. Baharia ni Paul Danquah, kijana mweusi mpole, na yule mwalimu wetu wa barazani alipotuambia kwamba ni mtoto wa J. B. Danquah, yule mwanasiasa mkubwa wa Ghana, mzee mmoja alidai tuanze upya ili amtazame vizuri. Haonekani kwa muda mrefu, meli yake inang'oa nanga mapema, lakini hadi mwisho msichana anabeba habari yake, nasi tunaibeba.

Bingwa wa kibandani kwangu, hata hivyo, ni Hell Drivers ya mwaka 1957. Madereva wa malori ya kokoto, wanakimbizana na tripu kwenye barabara nyembamba za vijijini, atakayechelewa hana kazi. Steringi ni Stanley Baker, mtoto wa mchimba makaa wa Wales. Wengine ni Herbert Lom, mzaliwa wa Prague anayejifanya Mwitaliano, na Sid James, ambaye Waingereza wote walimchukua kuwa mtoto wa London hasa, kumbe alizaliwa Afrika Kusini na aliwahi kuwa msusi huko. Meneja ni William Hartnell, mdomo umebanwa kama pochi ya bahili. Siri yote iko ofisini kwake: analipwa fedha za madereva wengi, ameajiri pungufu, na mishahara ya wale wasiokuwepo anagawana na kinara wa madereva. Watumishi hewa, Bwana Mhariri! Mwaka 1957! Niliombwa niirudishe nyuma hapo hadi rimoti ikafa betri. Hartnell huyohuyo ukimkuta kwenye This Sporting Life ya mwaka 1963 ni kizee cha kusikitisha, anamfuata mcheza ragbi kila aendako ili apate mtu wa kumtambua tu. Mwaka huohuo runinga ya BBC ikamchukua kuwa shujaa wa kwanza wa tamthilia yake ya Doctor Who, na watoto wa Uingereza wakampenda kuliko babu zao.

Hapa kwetu jambo hili tunalijua sana. Amri Athumani, King Majuto, alikuwa wa Tanga hii. Alipofariki tarehe 8 Agosti 2018, watu ambao hawajawahi kununua filamu hata moja walimlilia kama ndugu. Yeye angalau jina lake lilijulikana. Lakini yule mama aliyekuwa akimfokea, yule mwenye duka aliyekuwa akimdai, yule mzee wa barazani mwenye kikohozi? Tunawakuta sokoni, tunawaamkia kwa majina ya kwenye picha kwa sababu yao wenyewe hatuyajui. Gazeti lenu likiandika habari ya filamu mpya linamtaja steringi, linamtaja mchumba wa steringi, linataja hadi gari la steringi, kisha nafasi imejaa. Punguzeni gari. Wekeni majina ya wanaoigiza mama wakwe, wajumbe wa nyumba kumi, madalali na majirani wambea, na mtuambie walianzia wapi. Walio hai wengi ni wazee na mkiwauliza watawaeleza. Wako hapa Tanga, wako Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa na mitaani, nauli si kubwa.

Na mwandishi wenu akipita huku aulize tu kibanda cha fundi baiskeli mwenye runinga juu ya meza ya spana, ataletwa. Ijumaa baada ya Isha tunairudia Hell Drivers. Dereva mmoja wa malori ya mchanga bado anabisha kwamba yule kijana mrefu miongoni mwa madereva, Sean Connery, si yule aliyekuja kuwa James Bond mwaka 1962, na ameweka dau la kahawa kwa baraza zima.

Wako,
Fundi Baiskeli Mzee,
Ngamiani, Tanga.