Yah: Malalamiko kuhusu pointi za injini ya boti na maneno niliyoambiwa kaunta

Meneja,
Kitengo cha Kadi, Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nimezifupisha kwa makusudi. Barua hii nimeianza mara mbili, na mara zote ilitoka na maneno ambayo mtu wa umri wangu haandiki.

Masharti ya pointi mnayajua, mmeyatunga wenyewe. Nilinunua injini ya boti, Yamaha ya HP 40, shilingi 9,600,000, nikalipa kwa kadi yenu ya mkopo kwa mkupuo mmoja. Fedha taslimu nilikuwa nazo. Nilichanja kadi kwa sababu ya meseji yenu kwamba manunuzi ya burudani na safari yanayozidi milioni tano yanapewa pointi mara mbili, na kwa hesabu yangu zingetosha tiketi mbili za ndege, Kigoma hadi Dar, mimi na mke wangu tukamwoze binti yetu. Kabla ya kuchanja niliwapigia simu, nikauliza kama injini ya boti ya familia inahesabika. Nikajibiwa: "Inahesabika mzee, chanja tu." Simu ile mliirekodi, maana sauti yenu yenyewe ilinitangazia hivyo mwanzoni. Itafuteni.

Deni nililipa lote siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Hamkupata hata senti ya riba kwangu. Pointi nilizopewa ni sifuri.

Nikaenda tawini Jumatatu asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, na humo wamo akina mama wa dagaa wa Kibirizi wanaonifahamu tangu nikiwa kazini bandarini. Nikatoa risiti kwenye bahasha. Karatasi za mashine zenu mnazijua: miezi miwili tu, wino umepauka, kimebaki kivuli cha tarakimu. Binti wa kaunta akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaigeuza nyuma na mbele, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Mzee, hii ni karatasi nyeupe. Halafu injini ni ya uvuvi. Mzee wa Kigoma na burudani, wapi na wapi?"

Watu wakacheka.

Sababu ya kunyimwa nimekuja kuielewa dukani niliponunua injini, si kwenu. Kila mashine ya malipo ina msimbo wa tarakimu nne unaotaja aina ya biashara. Wauza boti wana wao, 5551. Mashine ya duka lile imesajiliwa kama ya vifaa vya uvuvi. Msimbo huo haupangwi na mnunuzi. Unapangwa na benki iliyotoa mashine, na mashine ile ina nembo yenu. Kwa hiyo mmekosea wenyewe, mkanihukumu mimi.

Na hilo la burudani nalo tuliseme. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuona sokwe wa Gombe, na huko hakuna barabara, wanakwenda kwa boti. Mzungu akipanda boti hapa Kigoma ni mtalii. Mimi nikiwapakia wajukuu Jumapili kwenda kuogelea, ni mvuvi. Hata ningekuwa mvuvi, dharau ile ilikuwa ya nini?

Narudia tukio lile, kwa sababu nahisi mtalisoma harakaharaka. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa amenishika mkono. Muamala ulikuwa kwenye kompyuta ya yule binti, angebonyeza mara mbili angeuona, lakini hakugeuza hata shingo kuitazama. Aliinua karatasi yangu juu, hadharani, kama anayekagua noti bandia, akasema "wapi na wapi" huku akimtazama mwenzake wa dirisha la pili ili acheke kwanza. Akacheka. Ndipo na wengine wakacheka. Tulipotoka nje mtoto akaniuliza, "Babu, tumefanya nini?"

Harusini tulikwenda kwa basi. Mke wangu ana maradhi ya mgongo.

Nilipokaa kuandika nilitaka pointi zangu tu. Sasa nataka pointi zote, mara mbili kama mlivyoahidi, na ada ya mwaka ya kadi mnirudishie, maana sijui nililipia nini. Nataka pia nauli ya basi ya watu wawili, kwenda na kurudi. Na nataka niombwe radhi. Barua ya kuomba radhi kaeni nayo. Nitakuja kaunta ileile, Jumatatu asubuhi, foleni ikiwepo, na niombwe radhi kwa sauti ileile iliyofika mlangoni. Mjukuu nitakuja naye.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda dawati la malalamiko la Benki Kuu yakiwa na meseji yenu, tarehe ya simu na nakala ya risiti, ambayo niliipiga picha siku ileile ya manunuzi kabla haijawa "nyeupe". Kadi nitaikatia kwa mkasi hapo kaunta. Wastaafu wenzangu wa bandari wanaopitishia pensheni kwenye tawi hilo nitawaeleza mmoja mmoja, na muda ninao.

Wenu mteja, kwa sasa,
Mstaafu wa Mwanga, Kigoma.

Nakala: Meneja wa Tawi, Kigoma. Amsomee na yule binti.