Mabehewa ya kale yatembezwe, yasiachwe yakaoza

Mhariri,

Kila mjadala wa msongamano wa magari unapozuka hapa Nairobi, hakosi mtu wa kupendekeza tramu, yaani mabehewa ya abiria yapitayo kwenye reli za barabarani, kana kwamba ni kitu kigeni nchini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa ilikuwa na reli zake za mjini, zenye upana wa futi 2, zilizounganisha Mji wa Kale na Kilindini. Juu yake zilipita toroli zenye viti na kipaa cha turubai, zikisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma huku maafisa wa serikali wameketi kivulini. Motokaa zilipoenea, reli hizo zikang'olewa.

San Francisco, Marekani, nako mwaka 1947 meya Roger Lapham alitaka kuziondoa tramu zinazovutwa kwa kebo. Friedel Klussmann akawaongoza wanawake wa mji kupinga, kura ikapigwa, tramu zikabaki. Isitoshe, tangu 1995 jiji hilo lina njia ya F, ambako tramu za miaka ya 1940, pamoja na nyingine zilizoundwa Milan mwaka 1928 zikiwa na mabenchi ya mbao, hubeba abiria wa kawaida kwa nauli. Kwa kuwa zinatoka kila siku, lazima fundi awepo, vipuri vichongwe na vijana wafundishwe kazi. Behewa lililoegeshwa tu huoza polepole, maji yakijipenyeza kwenye viungo vya mbao, na hakuna anayeshtuka mpaka sakafu ianze kubonyea.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yanatunza behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900. Hilo libaki pale pale. Si la kupandwa. Lakini mabehewa mengine ya zamani, wahandisi wakishakagua breki na magurudumu, yangeweza kuunganishwa na treni za abiria Jumapili na sikukuu, maana reli ya zamani bado inatumika. Bawaba, vitasa na fremu za madirisha tusiagize ng'ambo ilhali mafundi wa jua kali wa Kamukunji hufua masanduku na sufuria kutoka kwa mabati mchana kutwa.

Naiomba wizara husika ianze na behewa moja, na nauli yake igharamie karakana ya kulitunza.

Msomaji,
Nairobi